SHANGA ZA KARATASI: TUJIFUNZE KUZITENGENEZA NA KUZIUZA



Katika vikao vyetu na akina mama na vijana, swali linalorudi kila mara ni hili: tufanye kazi gani ya mikono isiyotaka mtaji mkubwa? Leo tujifunze shanga za karatasi. Kuzitengeneza ni rahisi. Kuziuza ndiko kunakotusumbua, kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho kabla hujanunua chochote.

Kazi hii inajulikana sana Kampala, hasa kwenye mtaa uitwao Acholi Quarter, kule Kireka, njia ya Jinja. Wengi wa wakaaji wake walitoka kaskazini ya Uganda wakikimbia vita vya Kony. Kwa kuwa walikuwa bado ndani ya nchi yao, hawakuhesabiwa wakimbizi, wala hawakuwa na kadi ya chakula kama sisi. Akina mama walishinda machimboni wakiponda mawe kwa nyundo ili wauze kokoto. Baadhi yao walianza kusokota shanga kwa karatasi za kutupwa. Mwaka 2004 akina mama watatu Wamarekani waliona shanga hizo, wakaanzisha shirika la BeadforLife, wakawa wanaziuza Marekani, nyumba kwa nyumba. Nitarudi kwa shirika hilo, maana lina jambo la kutufundisha.

Vifaa ni hivi: karatasi nzito yenye rangi (kalenda ya zamani, bango au gazeti la picha), rula, kalamu, mkasi, gundi nyeupe, kijiti cha kuchokolea meno, vanishi na uzi wa nailoni. Ukifika Kampala, pita Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Mabaki ya karatasi hayakosekani huko.

Chukua karatasi ya ukubwa wa ukurasa wa kawaida wa ofisi. Kwenye ukingo mfupi wa juu weka alama kila sentimita 2. Kwenye ukingo wa chini anza na sentimita 1, halafu endelea kila sentimita 2. Unganisha alama za juu na za chini kwa mistari ya kwenda na kurudi, kama meno ya msumeno. Ukikata utapata pembetatu ndefu karibu 20. Weka kijiti upande mpana, sokota ukikaza kuelekea ncha, na hakikisha ncha inabaki katikati. Mzunguko wa mwisho upake gundi kidogo. Chomoa kijiti. Ukisokota kwa ulegevu, ushanga utafumuka mara ya kwanza mvaaji akitoka jasho. Shanga 20 za namna hiyo, ukiweka ushanga mdogo wa kioo katikati ya kila mbili, zinatosha mkufu mmoja mfupi.

Sasa vanishi. Zitunge shanga kwenye waya mwembamba zisigusane, uzichovye, uzitundike zikauke. Rudia mara mbili au tatu, na kila mara subiri zikauke kabisa. Fanya kazi hiyo nje, watoto wakiwa mbali, kwa sababu harufu yake inaumiza kifua. Kundi letu lilifanya haraka wakati wa mvua. Tulizifunga mifukoni zikiwa bado zinanata, na Kampala mwenye duka alipofungua mfuko akatoa bonge moja. Alicheka, akaturudishia. Mimi ndiye niliyesema zimekauka.

Dada mmoja ameniuliza juu ya udongo wa plastiki na udongo wa fedha wanaotumia watu wa Ulaya. Ule wa kwanza huokwa kwa joto la nyuzi 130 hivi, na ukiungua hutoa moshi mbaya. Wa pili ni unga wa fedha uliochanganywa na kitu cha kunata, unataka moto mkali, na bei yake si ya kwetu. Anayependa udongo na ajue kwamba Nairobi kipo kiwanda cha Kazuri, tangu mwaka 1975, kinachotengeneza shanga za udongo wa mfinyanzi. Lakini nacho kinatumia tanuri. Sisi tuanze na karatasi.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme mkufu umelipwa shilingi 5,000, na vanishi, uzi na shanga ndogo vimekula 2,000. Zimebaki 3,000. Kama nauli ya Kampala kwenda na kurudi ni 60,000, mikufu 20 ya kwanza ni ya mwenye basi. Kwa hiyo kundi zima limtume mtu mmoja, na aende na mizigo ya wote. Apeleke kwenye maduka ya sanaa ya Buganda Road au nyuma ya National Theatre, lakini kwanza aonyeshe sampuli chache, maana shanga hizi zimejaa mjini na wenye maduka wanachagua. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini kutembeza bidhaa barabarani Kampala bila kibali kunaweza kukufanya ukamatwe na kunyang'anywa vyote.

BeadforLife waliliona tatizo hili la soko. Akina mama waliingia kwa miezi 18 tu, wakiuza shanga huku wakiweka akiba na kufundishwa biashara, halafu walitoka na kazi nyingine: kuku, duka, ushonaji. Baadaye shirika lenyewe liliacha shanga likashika mafunzo ya biashara. Ndiyo maana nawasihi msikope kwa ajili ya vanishi. Anza na kopo dogo la kuchanga watu watano, na pesa ya kwanza itakayoingia mkubaliane mapema itanunua nini.

Anayetaka kujaribu aje Jumanne asubuhi kwenye kibanda cha huduma za jamii, na kalenda ya zamani, rula na mkasi. Gundi nitaleta mimi. Vanishi tutaongea mvua ikipungua.