Moyo Ukishtuka: Kijitabu cha Elimu kwa Wakazi wa Migori na Homa Bay

Tarehe 15 Oktoba 2025 habari zilifika kutoka Kerala, India, kwamba mwanasiasa Raila Odinga amefariki akiwa na umri wa miaka 80. Migori na Homa Bay watu walimiminika barabarani wakiwa na matawi mikononi, bodaboda zikipiga honi, akina mama wakipiga nduru. Watu wazima ambao hawakuwahi hata kumpa mkono walilia kama waliofiwa na mzazi. Walimwita Baba, na walimlilia kama baba.

Wapo waliotazama kwa mbali wakauliza: haya yote ya nini? Baadhi ya waliolia nao walijiuliza vivyo hivyo baadaye. Tumeandika kwa ajili yao.

Mwili hutangulia

Habari nzito ikiingia, mwili hujibu kabla akili haijaipanga. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hudunda, mikono hutetemeka, tumbo hukaza. Mmoja hupiga mayowe, wa pili hukimbia asijue aendako, wa tatu huketi kimya kana kwamba hajasikia. Huyo wa tatu ndiye husengenywa matangani kuwa hana uchungu. Anaonewa. Amepigwa na butwaa, na machozi yake huenda yakaja mwezi ujao, wageni wakiwa wameshaondoka.

Msiba mmoja huamsha mingine

Ukali wa hisia hutegemea kile ambacho tukio limegusa ndani ya mtu. Mzee wa Rusinga anakumbuka tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, kisha akaletwa kuzikwa kisiwani hapo. Oktoba mwaka huohuo raia walipigwa risasi wakafa Kisumu. Februari 1990 akauawa waziri Robert Ouko. Halafu zikaja kura: Raila aliwania urais mara tano, 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na kila mara nyumba nyingi za huku zilikesha redioni zikaishia kwenye majonzi. Mzee huyo alipolia mwaka wa 2025, alilia vifo vingi kwa pamoja, na matumaini yaliyozikwa navyo.

Kijana aliyezaliwa 2005 je? Amelelewa na masimulizi hayohayo jikoni na sebuleni. Uchungu hurithiwa, kama shamba. Simu nayo huongeza: video ya jeneza ikitazamwa mara kumi, mwili hushtuka tena na tena.

Hasira

Huzuni ikichanganyika na hisia ya kuonewa huzaa hasira. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akafa mikononi mwa polisi Nairobi. Mwili wake ulipoletwa kuzikwa mwanzoni mwa Julai, vijana walilipeleka jeneza hadi kituo cha polisi cha Mawego, alikopitishwa baada ya kukamatwa, na kituo kikachomwa. Hasira hutafuta mahali pa kutua.

Kuhisi hasira si kosa kwa yeyote. Kuchoma ni jambo jingine, na madhara yake huwarudia wakazi wenyewe. Lakini maafisa wa usalama nao wana somo hapa: waombolezaji walipigwa risasi wakafa Kasarani tarehe 16 Oktoba 2025, siku walipokwenda kumuaga Raila. Umati unaolia hautulizwi kwa bunduki.

Kinachosaidia

Mila zina kazi kubwa kuliko tunavyozipa sifa. Katika tero buru, Wajaluo huswaga ng'ombe na kukimbia kwa kelele ili kukifukuza kifo. Mwili uliojaa mshtuko hupata pa kuutolea, na hakuna anayebaki peke yake. Nyimbo za kanisani na kupika pamoja hufanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu msaada wa kwanza wa kisaikolojia una mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ameathirika. Msikilize bila kumlazimisha kusimulia. Muunganishe na jamaa au huduma. "Jikaze, wewe ni mwanamume" haijamponya mtu, na chang'aa huahirisha tu. Mtoto naye aambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Ukimwambia babu amesafiri, atamngoja.

Zikipita wiki mbili mtu bado halali, hali, hawezi kazi, au anataja kufa, usingoje. Mpeleke kituo cha afya au mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Wengi walificha mawazo ya kujiua kwa kuogopa kushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Piga, kwa ajili yako au ya jirani.