Kutengeneza Pombe Nyumbani: Sheria Inaruhusu Nini?

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, ilianza kutumika Novemba mwaka huo. Iliondoa sheria ya 1980 iliyokuwa imepiga chang'aa marufuku kabisa. Habari hiyo ilienea nusu: kwamba chang'aa si haramu tena. Nusu ya pili haikufika mbali, nayo ndiyo inayomhusu mkazi wa Ifo.

Kifungu cha 7 kinasema hakuna mtu atakayetengeneza wala kuuza kileo bila leseni. Kifungu hicho hakitaji kiasi. Hakisemi kwamba lita tano za arusi ni ruhusa na lita mia moja za biashara ni kosa. Chang'aa, busaa na muratina zote ni vileo, na mpishi wa nyumbani hakuwekewa msamaha wowote.

Misamaha iliyopo ni ya mambo mengine. Daktari au mfamasia anayetoa dawa yenye kileo kwa matibabu hahitaji leseni ya vileo. Muuza marashi pia hahitaji, hata kama marashi yake yana spiriti, kwa hiyo wenye maduka ya manukato sokoni wasiwe na wasiwasi. Spiriti ya viwandani nayo imesamehewa, kwa kuwa haikukusudiwa kunywewa.

Wenye jamaa ng'ambo huenda wamesikia mengine. Uingereza, kwa miaka mingi, mkulima aliyetengeneza sida, yaani pombe ya tufaha, isiyozidi lita 7,000 kwa mwaka hakulipa ushuru wake. Mpango huo ulibadilishwa 2023. Marekani mtu anaweza kutengeneza bia au mvinyo wa matumizi ya nyumbani, lakini sheria ya taifa hairuhusu kupika pombe kali nyumbani. New Zealand iliruhusu hata hiyo mwaka wa 1996. Hapa jirani, Uganda ilitaka wapishi wa enguli wawe na leseni tangu 1965, na Tanzania ilitunga sheria yake dhidi ya gongo mwaka uliofuata. Ruhusa ya nchi moja haivuki mpaka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka kila mkimbizi afuate sheria za Kenya, hata kama kinywaji hicho kilikuwa cha kawaida kwao.

Wakazi wengi wa Ifo hawanywi kwa sababu ya dini, na huenda wakaona jambo hili si lao. Lakini sumu ikiingia mtaani, anayebisha hodi usiku kuomba gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ni jirani.

Sumu yenyewe huitwa methanoli. Uchachushaji wa kawaida hutoa kiasi kidogo tu. Vifo vya watu wengi kwa wakati mmoja mara nyingi hutokea pale mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili pombe iwe kali upesi: ile ile ambayo sheria imeisamehe leseni kwa kuwa si ya kunywa. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe haramu. Methanoli haitambuliki kwa rangi, harufu wala ladha. Kuwasha pombe ili kutazama moto wake si kipimo cha kutegemewa.

Anayetaka kutengeneza kihalali aanze kwa kuuliza serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Atahitaji pia leseni ya ushuru kutoka KRA na alama ya ubora ya KEBS. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, na si rahisi kwa mtu mwenye sufuria moja. Kilabu au baa haipewi leseni ikiwa iko chini ya mita 300 kutoka shuleni.

Dalili za methanoli huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, hivyo aliyeamka vizuri bado hajapona. Akilalamika kwamba haoni vizuri, anatapika, anaumwa tumbo au anahema kwa kasi, apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe wazi alichokunywa. Wote walionywa naye waende pia, hata wasiohisi chochote.