Pini za Kalipa: Sehemu Ndogo Inayoamua Usalama wa Breki

Upepo wa bahari unaowaburudisha wakazi wa Tanga, Pangani na Mkinga hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Katika breki za diski, miongoni mwa sehemu zinazoathirika ni pini mbili ndogo zinazoiwezesha kalipa kuteleza.

Katika magari mengi madogo, kalipa ina pistoni upande wa ndani tu. Dereva anapokanyaga breki, pistoni huisukuma pedi ya ndani igandamize diski. Kisha kalipa yenyewe huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka au kushika kutu, kalipa hukwama. Pedi ya ndani hubaki ikifanya kazi karibu peke yake na kulika haraka, ilhali ya nje huonekana nzima. Mmiliki anayechungulia kupitia matundu ya rimu huona pedi ya nje, akaridhika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dalili za kukwama ni gari kuvutwa upande mmoja wakati wa kufunga breki, gurudumu moja kuwa na joto kuliko mengine, harufu ya kuungua, au pedi mbili za gurudumu moja kutofautiana unene.

Mmiliki mwenye vifaa anaweza kuzihudumia pini za magurudumu ya mbele nyumbani, kwa hatua hizi:

1. Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi. Baada ya kuinuliwa kwa jeki, liegemezwe kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi kulinda uhai.

2. Gurudumu moja lishughulikiwe kwa wakati mmoja. Kalipa ikifunguliwa ifungwe kwa waya, isining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta. Breki isikanyagwe, kwani pistoni inaweza kuchomoka.

3. Kila pini ichomolewe na kukumbukwa mahali pake, maana mara nyingi mbili hizo hazifanani. Ifutwe grisi kuukuu. Yenye mashimo ya kutu ibadilishwe, na vilevile raba yake ikiwa imechanika.

4. Ipakwe kiasi kidogo cha grisi maalumu ya pini za breki. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini huvimbisha raba, na pini hukwama upya. Grisi isiguse pedi wala diski.

5. Pedi zote mbili zipimwe. Iliyobakiza milimita 3 au pungufu ibadilishwe, pamoja na pedi za gurudumu la upande wa pili.

6. Boliti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kabla gari halijasogea, breki ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kisha ijaribiwe kwa mwendo mdogo.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mafuta machafu ya breki yasimwagwe mferejini, kwani maji ya mifereji huishia baharini. Yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na kupelekwa gereji.

Kazi hii ina mpaka. Mafuta yakivuja, pistoni ikikataa kurudi ndani, au breki ikizama inapokanyagwa, gari lisiendeshwe, fundi aitwe. Kalipa za nyuma zilizounganishwa na breki ya mkono nazo ziachiwe fundi.

Huduma hii ifanyike angalau mara moja kwa mwaka, na kila pedi zinapobadilishwa. Breki iliyokwama inaweza isimshtue dereva katika barabara tambarare za mjini. Lakini anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona na miteremko, anazihitaji pedi zote zishike kwa pamoja. Ukaguzi ufanyike kabla ya safari, gari likiwa bado nyumbani.