Mbolea Inapoingia Msituni

Mkulima anayetengeneza mboji anajua kwamba mabua makavu peke yake hayaozi haraka. Akiyachanganya na samadi mbichi, baada ya siku chache lundo linapata joto. Kinacholeta tofauti ni nitrojeni. Vijidudu vya kuozesha hupata nguvu kutoka kwenye kaboni ya mabua, lakini miili yao ni protini, na protini haijengeki bila nitrojeni.

Sasa okota sindano za msonobari zilizodondoka. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni. Nitrojeni kwa kawaida haifiki asilimia 1. Kwa hesabu ya lile lundo, msitu ukitiwa mbolea sindano zingeoza upesi na mboji inayolala chini ya miti ingepungua. Lakini huko Sweden, ambako wenye misitu humwaga takriban kilo 150 za nitrojeni kwa hekta kila wanapotia mbolea, mara nyingi mboji huongezeka.

Miti iliyoshiba hudondosha sindano nyingi zaidi, ni kweli. Lakini tazama pia namna zinavyooza. Mwanzoni huliwa sukari na selulosi, na hapo nitrojeni husaidia kama kwenye lundo la mkulima. Baadaye hubaki lignini, kile kinachoupa ubao ugumu wake. Kuivunja ni kazi ya kuvu chache, tena yenye faida ndogo; thamani yake kubwa ni kufichua nitrojeni iliyonaswa ndani. Nitrojeni ikiwa tele, vimeng'enya vya kazi hiyo hupungua, na mabaki yale magumu hukaa.

Upande wa pili uko mizizini. Mwaka 2000, huko Åheden kaskazini mwa Sweden, mtafiti Peter Högberg na wenzake walibandua ukanda wa gome kuzunguka mashina ya misonobari ili sukari ya majani isishuke. Katika muda wa miezi miwili, kaboni dayoksaidi inayotoka udongoni ilipungua kwa nusu hivi. Nalipenda sana jaribio hili: bila kung'oa mzizi hata mmoja, lilionyesha kwamba nusu ya pumzi ya udongo hutegemea sukari mpya ya miti.

Sukari hiyo hulisha mizizi pamoja na kuvu zinazoishi nayo kwa ubia. Kuvu huuletea mti nitrojeni, na baadhi yake huipata kwa kuchokonoa mboji ya zamani. Mti unaomwagiwa nitrojeni hupunguza sukari unayoituma chini. Kuvu hudhoofu, na mboji ile haichokonolewi tena.

Huko Norrliden, pia kaskazini mwa Sweden, sehemu moja ya msitu wa misonobari ilitiwa nitrojeni nyingi tangu 1971 kwa miaka 20, kisha ikaachwa. Watafiti waliporudi kupima, yapata miaka 15 baadaye, walikuta kuvu za mizizi zimerejea.