SOMO: Shamba Likigeuka Ploti

Ndugu wafanyakazi, somo la leo ni juu ya ardhi. Wako watakaosema: ardhi yatuhusu nini sisi tusio na hata robo ekari? Mwenye shamba ana hati, sisi tuna mikono. Tunajibu kwamba kazi ya mfanyakazi wa shamba imekaa juu ya udongo ule ule ulioandikwa katika hati. Siku udongo huo unapokatwa ploti za kujenga nyumba, kazi yake, chumba chake cha kambini, shule ya watoto wake na kibustani chake cha mboga vinakwenda pamoja. Na mwenzetu wa kiwandani asidhani amepona. Mashine ya kukoboa kahawa haiwezi kukoboa ploti.

Tumechukua mfano wa jirani zetu wa Kenya, katika Kiambu, kwa sababu huko jambo hili limekwenda mbali kuliko kwetu Uganda, na sheria zake zaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mwishoni tutarudi nyumbani.

Kati ya Nairobi na Thika, kupitia Ruiru na Juja, palikuwa na mashamba makubwa ya kahawa yaliyoajiri watu kwa vizazi. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya dunia yaliyogawia kila nchi kiasi chake cha kuuza yalivunjika, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakabaki na madeni ya benki. Miaka ya karibuni mavuno ya nchi nzima yamekuwa kama tani 50,000 hivi. Wakati huo huo Nairobi ilikuwa ikipanuka. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, shamba la kahawa lililokuwa mbali likawa karibu na mji. Mji mpya wa Tatu City, uliopangwa tangu mwaka 2008 juu ya ekari kama 5,000 karibu na Ruiru, umekaa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa.

Hatusemi kila mwenye shamba aliyeuza ni mtu mbaya. Ekari moja ya mibuni iliyokosa mbolea haiwezi kushindana na ekari hiyo hiyo ikikatwa ploti nane. Tunalouliza ni hili: sheria zilikuwa wapi, na mfanyakazi alikuwa wapi ndani ya sheria hizo?

Sheria ya kwanza ni ile ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967, ambayo bado inatumika. Inasema kwamba ardhi ya kilimo haiuzwi, haikodishwi, haiwekwi rehani wala haigawanywi bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya mahali hapo. Idhini yaombwa ndani ya miezi sita baada ya mapatano. Isipopatikana, mapatano ni batili, na aliyelipa fedha anaweza kuzidai kama deni. Tena sheria haikusahau ujanja wa kuuza kampuni badala ya shamba: hisa za kampuni binafsi yenye ardhi ya kilimo nazo haziuzwi bila idhini. Bodi inatakiwa kukataa ikiwa mnunuzi haelekei kulima vizuri, au ikiwa kugawanya shamba kutapunguza mazao yake.

Ukiisoma hivyo waona ni ukuta imara. Lakini ukuta una mlango mkubwa. Sheria hiyo ni ya ardhi ya kilimo, na kwa kawaida ardhi iliyo ndani ya manispaa au mji haihesabiwi kuwa ya kilimo, ila waziri akiitangaza hivyo. Basi mpaka wa mji unaposogezwa, shamba laweza kutoka mikononi mwa bodi bila mbuni hata mmoja kung'olewa. Mibuni ni ile ile, mvua ni ile ile, wavunaji ni wale wale, lakini katika karatasi shamba limekuwa mji. Kwa maoni yetu mashamba mengi yalianza kupotea hapo, katika ramani, kabla ya katapila kufika.

Mlango wa pili ni wa kubadilisha matumizi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inakataza mtu kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi bila kibali cha serikali ya kaunti. Mwombaji lazima awatangazie watu analotaka kufanya, na watu wanakaribishwa kuleta pingamizi. Sheria haikusema wenye hati peke yao ndio wapinge. Mvunaji wa kahawa ni mtu, mpishi wa kambini ni mtu, na tawi la chama laweza kuandika barua. Tatizo ni kwamba tangazo huwekwa gazetini na kwenye kibao langoni, kwa Kiingereza cha wapimaji, na muda wake ni mfupi. Anayejenga bila kibali aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na aweza kuamriwa kuirudisha ardhi kama ilivyokuwa. Mwenye kuuza ploti mia mbili atailipa faini hiyo kwa fedha ya ploti chache na kusahau. Amri ya kuirudisha ardhi ndiyo inayouma. Lakini nani ameona lami ikifukuliwa ili mibuni irudi?

Mzee mmoja aliyekuwa mnyapara katika shamba moja upande ule alitueleza yaliyowapata. Hakuna aliyewaambia neno. Mwaka ule mibuni haikupogolewa na mbolea haikuja. Wakapita vijana wenye kamba na bikoni, na watu wakadhani ni mambo ya umeme. Walijua kweli waliposoma ubao wa kuuza ploti kando ya lango. Mzee alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa, lakini hakuwa amehifadhi karatasi ya mshahara hata moja ya zamani. Daftari la ofisi likasema miaka sita. Akalipwa ya sita. Mkewe, aliyevuna kila msimu kwa kuhesabiwa debe, hakuwa katika daftari kabisa.

Hapa twaja kwenye sheria inayomhusu mfanyakazi mwenyewe, yaani Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Kazi ikifa kwa sababu shamba limeuzwa, hiyo ni kupunguzwa kazini, si kufukuzwa kwa kosa. Mwajiri lazima aandikie chama cha wafanyakazi na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiasi cha watu watakaopunguzwa. Lazima alipe likizo iliyobaki, atoe notisi ya mwezi mmoja au mshahara badala yake, na alipe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Fanyeni hesabu wenyewe. Miaka sita ni siku 90. Miaka kumi na tisa ni siku 285. Tofauti ya siku 195 ndiyo aliyoipoteza yule mzee kwa kukosa karatasi. Na pale mapatano ya chama na mwajiri yanapotaja siku nyingi zaidi, hizo ndizo zinazodaiwa.

Je, angeweza kudai? Ndiyo. Sheria hiyo inasema kwamba mwajiri asipoonyesha mkataba wa maandishi mbele ya mahakama, ni juu yake kukanusha anayoyadai mfanyakazi. Tena kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa, hata kama mnyapara anamwita hivyo kila asubuhi. Lakini dai lazima lifikishwe ndani ya miaka mitatu. Mzee wetu alikwenda kuuliza katika mwaka wa tano.

Kuhusu nyumba za kambini, mambo ni magumu zaidi, maana chumba kinafuata kazi. Hata hivyo sheria ya ardhi ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamtaka mwenye ardhi anayetaka kumwondoa mtu anayekaa bila idhini yake ampe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu. Kwa hiyo kuezua mabati siku moja baada ya kulipana si sheria, ni ubabe.

Sasa nyumbani. Uganda hatuna bodi kama ile ya 1967. Lakini Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, na ziko kamati za mipango za wilaya na za chini yake. Kwa hiyo hata shamba la chai lililo mbali na mji halibadilishwi kihalali kwa neno la meneja tu. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha watu kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu, kwa sababu za kiuchumi na nyingine kama hizo, awajulishe wawakilishi wa wafanyakazi na Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Tofauti kubwa ni katika malipo. Sheria yetu haikuweka hesabu ya siku kwa mwaka kama ile ya Kenya; hesabu ya kiinua mgongo imeachiwa mapatano ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Yaani kama mapatano yetu ya pamoja hayasemi lolote juu ya shamba kuuzwa, mfanyakazi atakwenda mezani mikono mitupu.

Mkutano ujao wa tawi ujadili haya. Katika shamba letu, je, mibuni, michai au miwa ya zamani inapandwa upya, au inaachwa tu? Nani kati yetu amewahi kusoma matangazo ya kamati ya mipango ya wilaya, na nani ataagizwa kwenda kuyatazama kila mwezi? Mapatano yetu yanasema siku ngapi kwa mwaka? Kila mjumbe aje na karatasi ya mshahara ya zamani kuliko zote aliyo nayo, na mwandishi wa tawi aandike mwaka wake kwenye daftari, pamoja na majina ya wanawake wanaovuna kwa msimu.