Diski Imenakiliwa, Kompyuta Haifunguki: Hatua za Kufuata Kabla ya Kufuta Chochote

Katika Kata ya Lupaso, kama ilivyo katika kata nyingine za wilaya yetu, kompyuta imekuwa ghala la pili. Katika vyama vya msingi vya ushirika hutunza orodha za wakulima na kilo za korosho walizopeleka ghalani. Shuleni hutunza alama za wanafunzi, na katika maduka ya uchapaji hutunza barua na nakala za vyeti vya wananchi. Ghala hilo likifungwa siku chache kabla ya malipo ya mnada, atakayesumbuka ni mkulima ambaye kumbukumbu yake imo ndani na hakuna anayeweza kuisoma.

Kompyuta ya zamani ikianza kuwa nzito, fundi wengi hushauri kuondoa diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake. Ushauri huo ni mzuri, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua kompyuta mpya. Ili kuepuka kusimika kila programu upya, diski nzima hunakiliwa kama ilivyo. Clonezilla, ambayo hutolewa bure, ni mojawapo ya programu zinazofanya kazi hiyo. Hata hivyo, mara nyingine kazi ikiisha, taa huwaka na feni huzunguka, lakini kioo hubaki cheusi chenye maandishi "No bootable device", au huja rangi ya buluu. Hapo ndipo wengi huharakisha kusimika Windows upya na kufuta kila kitu. Makala haya yanaeleza kwa nini haraka hiyo haihitajiki.

Kompyuta hujifunguaje?

Kompyuta inapowashwa, programu ya msingi iliyomo katika ubao mkuu huamka kwanza. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, na katika mashine za miaka ya karibuni ni UEFI. Programu hiyo huitafuta diski, kisha hutafuta ndani yake sehemu ndogo yenye kianzishi, na kianzishi ndicho kinachojua Windows imehifadhiwa wapi. Mnyororo huo una pete tatu, na ikikatika moja tu, kompyuta haifunguki ijapokuwa mafaili yote yako salama. Kwa sababu hiyo, tatizo linalofuata unakili wa diski mara nyingi ni la njia, na mzigo wenyewe haujapotea.

Hatua ya kwanza: diski ya zamani isiguswe

Diski ya zamani isifutwe wala kutumiwa kwa kazi nyingine hadi ile mpya ithibitike. Irudishwe mahali pake kwa muda. Kompyuta ikifunguka nayo, basi mashine ni nzima, na kasoro imo katika nakala au katika mipangilio.

Hatua ya pili: diski moja tu kwa wakati mmoja

Nakala kamili hubeba hata alama ya utambulisho ya diski ya asili. Diski zote mbili zikiwa ndani ya kompyuta moja, Windows hukuta mbili zenye alama ileile na huweza kuizima mojawapo au kuibadilishia alama. Kwa hiyo zima kompyuta, chomoa umeme, toa diski ya zamani, kisha uifunge mpya kwenye kebo na nafasi ileile. Uwashaji wa kwanza ufanyike ikiwa peke yake.

Hatua ya tatu: je, kompyuta inaiona diski?

Washa kompyuta huku ukibonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio. Katika mashine nyingi za Dell ni F2, katika HP ni F10, na katika kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Tazama kama jina la diski mpya limo katika orodha. Kama halimo, kagua kebo na namna diski ilivyokaa. Kama limo, iweke ya kwanza katika mpangilio wa kuanzia, maana mipangilio huweza kuwa bado inaielekeza kompyuta kwenye diski iliyokwisha kuondolewa.

Hatua ya nne: mtindo wa diski na mtindo wa mashine

Diski hupangwa kwa mtindo wa MBR, ulio wa zamani, au GPT, ulio mpya. Kwa kawaida, Windows iliyosimikwa kwenye MBR hufunguliwa kwa BIOS, au kwa UEFI iliyowekwa katika hali ya Legacy au CSM. Iliyosimikwa kwenye GPT hufunguliwa kwa UEFI. Mitindo hiyo ikipishana, kompyuta haitafunguka hata nakala ikiwa kamilifu. Njia rahisi ya kujua ni kurudisha diski ya zamani, kufungua Windows, kuandika msinfo32 katika sehemu ya kutafutia, na kusoma mstari wa "BIOS Mode". Jibu hilo liandikwe kwenye karatasi kabla hata ya kuanza kunakili.

Hatua ya tano: je, sehemu ndogo ilinakiliwa?

Kosa linalotokea mara nyingi ni kunakili sehemu ya C pekee kwa kuwa ndiyo yenye mafaili. Kianzishi cha UEFI hukaa katika sehemu nyingine ndogo, kwa kawaida ya MB 100 hivi, ambayo haionekani katika matumizi ya kila siku. Kama iliachwa, tiba iliyo rahisi ni kunakili upya diski nzima, toka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya sita: kutengeneza kianzishi

Kama sehemu zote zipo na kompyuta bado haifunguki, tumia flashi yenye Windows ya kusimika, isiyopungua GB 8, iliyotengenezwa katika kompyuta nyingine. Baada ya kuwasha kwa flashi hiyo, chagua "Repair your computer", usichague "Install". Jaribu kwanza "Startup Repair". Ikishindwa, fungua "Command Prompt" na uandike amri hizi moja moja:

diskpart
list volume

Katika orodha itakayotokea, tafuta sehemu ndogo yenye maandishi FAT32, na pia herufi ya sehemu kubwa yenye Windows. Herufi hiyo huweza kuwa D badala ya C, kwa kuwa umeingia kwa flashi. Tuseme sehemu ndogo ni namba 2 na Windows iko D:

select volume 2
assign letter=S
exit
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Kwa diski ya MBR, sehemu ndogo kwa kawaida ni ya NTFS, neno la mwisho huwa BIOS, na sehemu hiyo ni lazima iwe imewekewa alama ya "active". Kisha chomoa flashi na uwashe kompyuta.

Dalili nyingine mbili

Kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake ni kwamba kianzishi kimepatikana, lakini Windows haina njia ya kuisoma diski. Kagua kama mpangilio wa SATA, yaani AHCI au RAID, ni uleule wa awali. Kompyuta ikidai namba ya BitLocker, hiyo ni namba ya siri ya tarakimu 48 ya kufungulia diski iliyofungwa. Itafutwe na kuhifadhiwa kabla ya kazi kuanza, kwani bila namba hiyo hakuna fundi atakayeifungua.

Tahadhari kwa mazingira yetu

Kunakili huweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati nakala huwa pungufu. Tumia kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha au kifaa cha kuhifadhi umeme, na usianze kazi hiyo wakati wa mvua za radi. Diski ya zamani ikitoa mlio wa kugonga, mafaili muhimu yanakiliwe kwanza kwenye flashi, kwa kuwa diski mbovu huweza kufa kabla ya nakala kukamilika. Ikumbukwe pia kwamba diski mpya haibadilishi umri wa mfumo: Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nakala ya mfumo huo hubaki kuwa mfumo huohuo.

Baada ya kufanikiwa

Fungua mafaili kadhaa, chapisha orodha moja, zima na kuwasha kompyuta mara kadhaa. Kisha itunze diski ya zamani walau hadi msimu wa malipo upite. Wahenga walisema akiba haiozi.

Wakati wa kuiondoa ukifika, isitupwe jalalani wala kuuzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mna majina, namba za simu na akaunti za benki za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa hizo azilinde. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwa kuwa yanaweza kurejeshwa. Diski yote iandikwe upya kwa sifuri, au iharibiwe kabisa. Kwa kompyuta iliyo mali ya Serikali, iwe ya shule, zahanati au ofisi ya kata, mkuu wa kituo awasiliane na wataalamu wa TEHAMA wa Halmashauri kabla ya kumruhusu fundi yeyote kuifungua.