Ramadhani ya Siku 31?

Tuchukue mwaka ambao tangazo la mwezi la Kampala limetangulia la Nairobi kwa siku moja. Mwanafunzi wa Tororo amekamilisha funga 30, anavuka Busia kuingia Kenya, anawakuta watu bado wamefunga. Wanachuoni wengi wa Kishafii wanasema msafiri anayefika mji wenye mwandamo mwingine huwafuata watu wake. (Kama Busia mbili zilizogusana zina miandamo miwili, tuwaachie masheikh.) Akiwafuata atakuwa amefunga siku 31. Je, Ramadhani imekuwa na siku 31?

Tunajibu hapana bila kutazama angani. Kwa nini? Kwamba mwamba wa Tororo ni mrefu, tumeuona. Ungeweza kuwa mfupi, ni jambo jaizi. Lakini mwezi wa siku 31 ni muhali, kwa sababu hadithi imetuwekea kipimo: usipoonekana, kamilisheni 30. Hata mawingu yatande wiki nzima, kipimo hakiguswi. Na Januari ina siku 31 bila kumpinga yeyote, kwani inapimwa kwa kipimo kingine.

Hivi ndivyo Mmarekani C. I. Lewis alivyoieleza mwaka 1923 elimu isiyosubiri uzoefu. Ni ya lazima kwa kuwa ndiyo rula tunayopimia, na uzoefu hauwezi kuikanusha. Unachoweza ni kutuonyesha kuwa rula haitufai, tukachukua nyingine. Mantiki yenyewe aliiweka humo. Quine, mwaka 1951, akaenda mbali zaidi: hakuna kauli iliyo salama na marekebisho.

Kwa mwezi, nakubaliana na Lewis, ingawa sisi rula hiyo hatukuichagua, tumeipokea. Asili ya rula ni jambo moja, kazi yake ni jingine. Kwa mantiki nasita. Pale Busia, "leo ni Idi na leo si Idi" tunaitengeneza haraka kwa kuongeza "huku" na "kule". Hatukupiga kura. Na anayetaka kuacha rula lazima kwanza atofautishe kuiacha na kuishika. Imamu Ghazali (aliyefariki 1111), katika Tahafut al-Falasifa, alisema moto kuunguza pamba ni ada tu, si lazima. Lakini kuthibitisha na kukanusha kitu kimoja kwa pamoja alikuacha katika muhali.

Swali la darsa ijayo: "siku huanza magharibi" ni wajibu wa akili, ada, au rula?